Tata Marigu mbele ya mahakama ya mbali

Jumanne, Julai. Embu mjini.

Baridi ni ile ile. Jua halijatokeza tangu Jumapili, na manyunyu yanaanguka bila kelele, yale ya kukulowesha kichwa kabla hujajua kwamba kunanyesha. Siku kama hizi wateja huingia saiba yangu, duka langu la intaneti, wakipuliza mikono. Leo hawakuingia. Nilibandika karatasi mlangoni: Tumefunga, tuna kesi ya nyumbani.

Ninaandika kabla ya chakula cha jioni kwa sababu nataka kuyaweka niliyoyaona kwa mpangilio, kabla hayajachanganyika na yale wengine watakayosimulia. Tayari wameanza kusimulia, na kila mmoja ana yake.

Nianze na wale ambao hawajui. Tata ndivyo tunavyomwita dada ya mama. Tata Marigu aliolewa chini kule Mbeere, ambako jua ni kali na ndengu hustawi kuliko mahindi. Mumewe alifariki zamani, akamwachia mtoto mmoja, Nyaga. Nyaga alisoma, akahangaika Nairobi, mwishowe akaenda Ulaya, kaskazini kabisa, kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani.

Mwaka jana, Jumamosi moja, kijana wa nchi ile aliingia na bunduki katika ukumbi ambako watu wa mataifa mbalimbali hupika na kula pamoja. Nyaga alikuwa jikoni. Hakutoka.

Kijana yule hakutumwa na mtu. Hakuwa na kundi wala mkubwa wa kumwamuru. Alikaa chumbani kwake na kompyuta, akisoma maandishi ya watu wanaosema kwamba wageni wanakuja kulimaliza kabila lao la weupe, na kwamba lazima mtu fulani achukue hatua. Basi akaamua kwamba mtu huyo ni yeye.

Mimi riziki yangu ni kuuza intaneti kwa dakika. Jambo hilo linanikaa vibaya hadi leo.

Tulimzika Nyaga kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za nchi ile karibu kila siku, na ninakiri kwamba mwanzoni nilifuatilia nikitafuta sababu ya kuwachukia. Nilitaka nione wakimtetea mtu wao. Au, kama hawatamtetea, nilitaka waonyeshe hasira ninayoifahamu: wanajeshi barabarani, watu wa mtaa mzima wakitolewa nje usiku, sheria mpya kabla ya wiki kwisha. Hapa kwetu likitokea shambulio, kesho yake sote tunajua ni majirani gani watakaodaiwa vitambulisho kila kona.

Nchi ile haikufanya hivyo. Ukumbi ulifunguliwa tena, na Jumamosi iliyofuata watu waliokuja kula hawakutosha ndani, wakasimama nje kwenye theluji na sahani mikononi. Wazee aliowatunza Nyaga waliletwa na viti vyao vya magurudumu kumuaga. Wabunge waligombana hadharani kuhusu bunduki na kuhusu maneno ya mitandaoni, wiki baada ya wiki, na kila mtu aliruhusiwa kuwasikiliza. Magazeti mengi yalikubaliana kutolitaja jina la muuaji. Hata mimi silitaji.

Si kwamba wote walikuwa malaika. Chini ya habari moja mtu aliandika kwamba Nyaga angekaa kwao angekuwa hai. Nilizima kompyuta, nikatoka nje, nikasimama kando ya duka la mbegu nikisoma bei za mbegu nisizozihitaji.

Kisha ikaja barua ya mahakama. Walitaka kujua kama mama wa marehemu angependa kuzungumza kwa njia ya video kabla ya hukumu, na kwa lugha gani. Nilikuwa nimejaza Kiswahili, Tata akanizuia.

“Kiswahili ni cha sokoni, Wanja. Mtoto wangu nilimlea kwa Kimbeere.”

Nikawaandikia hivyo, nikijua watakataa. Hawakukataa. Walimtafuta mama mmoja wa kutoka Embu anayeishi huko, ambaye Kiembu chake kinaelewana na Kimbeere, wakamwapisha kuwa mkalimani. Niliisoma barua hiyo mara mbili. Hapa nyumbani nimewaona watu wakienda kortini na kurudi bila kuelewa hata neno moja lililosemwa juu yao.

Lakini shida haikuwa lugha. Shida ilikuwa thenge.

Kwa wasomaji wa mbali: thenge ni beberu, na pia kiapo kinachofanywa kwa beberu huyo. Mtu akiuawa na muuaji asijulikane, wazee hukutana mahali palipo mbali na maboma, wakampiga beberu kwa marungu mpaka mifupa ivunjike, huku wakitamka kwamba aliyefanya tendo lile avunjike hivyo hivyo. Neno likishatamkwa halimfuati yeye peke yake. Linafuata nyumba yake, wazazi wake, watoto wake. Watu wazima kabisa, wenye digrii, wamewahi kurudisha walichoiba kwa kusikia tu kwamba beberu ameshanunuliwa.

Mzee Ngari, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Tata, alikuwa ameshamnunua beberu wa kupigwa Jumamosi hii. Jumapili baada ya kanisa alikuja na wazee wenzake nyumbani kwa Tata. Nilikuwepo, nimepeleka sukari.

“Lakini huyu anajulikana, Mzee,” nilimwambia. “Ameshikwa. Thenge ni ya asiyejulikana.”

“Wewe msichana wa kompyuta, nisikilize. Aliyefyatua anajulikana. Waliompandia yale maneno kichwani, unawajua?”

Sikuwajua.

“Polisi wao wanawajua?”

Hawakuwajua wote. Nilikuwa nimesoma kwamba wengine hawana hata majina, ni vijipicha tu.

“Basi,” alisema, akihamisha muguka, majani yake ya kutafuna, kutoka shavu moja hadi lingine. “Thenge haihitaji jina. Wao wamempa muuaji wakili. Wamempa godoro! Wanamuuliza amelala vipi! Sisi tutafanya nini, tupige makofi?”

Pasta alikuwa ameshamwonya Tata kuhusu mambo hayo, na Mzee Ngari alikuwa ameshamjibu pasta. Sirudii alichomjibu. La muhimu ni kwamba wazee hawangeweza kumpiga beberu kabla ya mama mwenyewe kukubali, kwa kuwa msiba ni wake. Tata alisema atawajibu baada ya kuzungumza na mahakama. Akaongeza kwamba kama mahakama ile itamsikiliza kama mtu wa kuhurumiwa tu, yeye mwenyewe ataenda kumshika beberu kamba.

Ninaandika ukweli hapa, hata kama watu wa kanisani husoma blogu hii. Nilitaka akubali. Niliitaka ile mifupa ivunjike.

Leo asubuhi walifika. Nilikuwa nimemwambia Tata aje na mtu mmoja wa kumshika mkono. Gari lilisimama, wakaanza kuteremka, na wakaendelea kuteremka. Akina mama wa kikundi chake cha kanisa na leso zao za kufanana. Wazee wenye kofia na fimbo. Mama Mbogo, jirani yake, alikuwa na birika la chai na kikapu cha ngwacī, viazi vitamu vilivyochemshwa, kwa sababu hajawahi kusikia kesi inayosikilizwa na watu wenye njaa.

“Mama Mbogo, hii ni ya kamera. Hakuna kula.”

“Kwani kamera itanusa?”

Tata alikuwa amevaa sweta mbili, ya pili juu ya gauni la Jumapili. Watu wa chini huichukulia baridi ya Embu kama ugonjwa. Nilimketisha mbele ya kompyuta kubwa. Wengine walijipanga nyuma yake kama watu wa picha ya harusi, na nilipojaribu kuwatoa, Mzee Ngari aliniuliza kama nimewahi kuona mjane akipelekwa kwenye kesi ya damu peke yake. Nikawaacha. Nilimwomba tu ateme muguka. Alitema, akasema ni kwa heshima ya mahakama, si kwa heshima yangu.

Skrini ikawaka.

Nilitarajia kitu kikubwa, nguzo na dhahabu. Kilikuwa chumba cha mbao nyeupe, kama darasa jipya. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Kando yake waliketi wengine, watu wa kawaida wanaoamua kesi pamoja naye, mmoja amevaa sweta kama ya Tata. Upande mmoja kulikuwa na kijana mwembamba mwenye shati safi, na wakili wake. Nyuma yao viti vingi vya wananchi, vimejaa. Mkalimani akaeleza kwamba mtu yeyote anaweza kuingia kutoka barabarani na kusikiliza. Mlango haufungwi.

Tata alimtazama kijana. Akasogeza kiti karibu na skrini.

“Ni mtoto,” alisema polepole.

Jaji akasalimu, akauliza kama Mama Marigu yuko tayari. Hapo ndipo watu wangu walipofanya walichofanya.

Mzee Ngari alisimama. Kwetu kesi ya kifo haianzi kwa aliyefiwa kuongea. Huanza kwa watu kujulishana: sisi ni wa ukoo fulani, nyinyi ni wa nani, mmekuja wangapi, nani atawasemea. Hakuna aliyemwambia kwamba huko haiko hivyo, na mimi niliyepaswa kumwambia nilikuwa nikihangaika na ngwacī. Akavua kofia. Akajitambulisha, akawatambulisha wazee, kila mmoja akasimama na kuinama. Kisha akina mama. Mama Mbogo alipunga mkono na kusema, “Bwana asifiwe,” na mkalimani, maskini, akatafsiri hata hilo.

Nilitaka sakafu inimeze. Nilimtazama jaji nikingoja agonge meza. Hakugonga. Aliweka kalamu chini na kumwitikia kila mmoja kwa kichwa, mpaka wa mwisho.

Kisha Mzee Ngari akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika:

“Sisi tumekuja na watu wetu. Watu wa huyu kijana wako wapi?”

Mkalimani akatafsiri. Wakili wa kijana aligeuka kumtazama jaji. Jaji alifikiri kidogo, akajibu bila kuharakisha. Alisema kwamba katika mahakama ile mtu hujibia tendo lake peke yake. Hakuna ukoo unaoshtakiwa, hakuna mzazi anayeitwa kulipa. Alisema anaelewa kwamba swali hilo limeulizwa kwa heshima, lakini yeye hana mamlaka ya kumwita mtu mwingine yeyote asimame.

Mzee Ngari alikuwa anataka kubisha. Nililiona shavu lake likitafuta muguka ambao haukuwepo.

Ndipo kule nyuma, kwenye viti vya wananchi, mwanamke mmoja akasimama.

Hakuitwa. Alikuwa mzee kuliko nilivyotarajia, koti la kijivu, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alisimama tu, akiitazama kamera, yaani akitutazama sisi, umati mzima wa watu wa Mbeere tuliobanana kwenye chumba cha kompyuta.

Mkalimani aliongea kwa sauti ya chini, kwa Kiembu, kama anayemwambia Tata peke yake: “Ni mama yake. Huja kila siku. Huketi peke yake.”

Kijana aligeuka kuona watu wanatazama nini. Alipomwona mama yake amesimama, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza. Miezi yote hiyo magazeti yalikuwa yameandika kwamba haonyeshi chochote usoni.

Jaji angeweza kumwambia mama yule aketi. Alisubiri. Mahakama nzima ilisubiri. Hata Mama Mbogo alilifunika birika lake.

Mwishowe Tata akasema, “Mwambieni aketi. Miguu yetu sisi wazee si ya kusimama.”

Lilitafsiriwa. Mwanamke akaketi.

Tulikuwa tumetayarisha maneno, mimi na Tata, nikayapiga chapa kwa herufi kubwa. Hakuyagusa. Aliongea akiwa amekunja mikono, kwa sauti ile anayotumia kuita mbuzi jioni, kwa kuwa hakuamini kwamba kipaza sauti kidogo kama kile kinaweza kuifikisha sauti mbali hivyo. Ninaandika nilivyoyasikia, ingawa Kiswahili kinayapunguza.

Alisema mtoto wake alikuwa akipiga simu kila Jumapili na kumwambia majina ya wazee wake. Mmoja alikuwa hawezi kulala mpaka ashikwe mkono. Mwingine alikuwa akimtukana Nyaga kila asubuhi kwa sababu ya rangi yake, na kila jioni anamsahau na kumwita mwanangu. Tata alimuuliza Nyaga kwa nini asimwache huyo, na Nyaga akasema, Mama, ni mzee, nikimwacha ataanguka.

“Wewe kijana ulisema tumekuja kuchukua vyenu,” Tata akasema. “Mwanangu alichukua uchafu wa wazee wenu kwa mikono yake. Ni hicho tu alichochukua. Sasa nani anamshika mkono yule asiyelala?”

Yule mtu wa kawaida mwenye sweta, kando ya jaji, alivua miwani.

“Pasta ananiambia nikusamehe. Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimedanganya mbele ya watu hawa ambao wamenipa heshima. Labda siku moja. Labda nife kabla.”

Akaivuta sweta yake ya juu. Nilijua kinachokuja, na nilimwona Mzee Ngari akijinyoosha.

“Kwetu kuna neno la kumwambia mtu kama wewe. Shemeji yangu huyu analo tayari, anangoja niseme ndiyo. Neno hilo likitoka linashika, lakini halichagui. Likiingia kwenye nyumba linamshika kila mtu aliyemo. Nilikuja hapa nikiwa nimekusudia kulitoa. Nilidhani unatoka katika nyumba ya watu nisiowajua.” Akainua kidole, akaonyesha skrini, kule nyuma. “Sasa nimemwona. Yeye pia alikuwa na mtoto mmoja, nadhani. Mahakama imesema yeye hana kosa, na mimi nimesikia. Wewe ubaki na hawa wenye sheria. Neno letu sitalitoa.”

Mkalimani alichukua muda kutafsiri. Sauti yake ilikatika mara moja, akaomba radhi, akaendelea. Jaji alimuuliza tena mkalimani kuhusu neno hilo ambalo halichagui. Alipoelezwa, alimtazama Tata kwa muda mrefu, kisha akasema jambo fupi. Alisema, “Mahakama imesikia.” Hakusema pole. Nilifurahi hakusema pole.

Skrini ikazimika, tukaonekana sisi wenyewe kwenye kioo cheusi, tumebanana, leso na kofia.

Mama Mbogo akaanza kumimina chai. Nilimwogopea Tata kwa sababu ya Mzee Ngari. Tata alikuwa amemkatalia mbele ya wazee wenzake na mbele ya wazungu. Mzee alikuwa amesimama dirishani, amevaa kofia yake tena, anatazama manyunyu.

“Shemeji,” Tata akamwita.

“Usiniite.”

“Umekasirika?”

“Nimekasirika kabisa.” Akafuta kioo cha dirisha kwa kiganja. Kisha: “Yule mama alisimama bila kushikwa mkono na mtu. Hakuna hata dada wa kumshika. Hiyo ni nchi gani?”

“Ndiyo nchi yao,” Tata alisema.

“Ningekuwa mimi ndiye baba wa kijana, ningehama wilaya.” Akapokea kikombe. Aliketi karibu na Tata, si mbali naye, na nikajua kwamba Jumamosi hakuna kitakachofanyika.

Sasa wameenda. Nimefagia maganda ya ngwacī chini ya meza za kompyuta. Hukumu haijatolewa. Jaji alisema itasomwa baadaye, mlango ukiwa wazi kama leo. Kijana akipewa kifungo kidogo nitakasirika, tena sana, na nitaandika hapa. Na wale waliompandia maneno bado wako, bila majina. Kwa yote yaliyotokea leo hawajaguswa hata mmoja. Mzee Ngari hakukosea kuhusu hilo.

Lakini tangu mchana ninatembea kama mtu aliyetoka kanisani. Nilidhani nguvu ya nchi ni kupiga haraka. Leo nimeona nchi iliyoumizwa ikiweka kalamu chini na kumsubiri mzee wa Mbeere amalize kutambulisha watu wake. Nimeona sheria inayosema kwa sauti kwamba mama hana kosa, na mama huyo huyo akisimama hata hivyo, kwa hiari yake, kwa sababu mtu wa mbali aliuliza watu wa kijana wako wapi.

Hakuna aliyemlazimisha. Angebaki ameketi, hakuna ambaye angemjua.

Ninajiuliza jambo hili tangu wageni waondoke, na chakula kimepoa mezani: kama kijana yule angekuwa wangu, na mlango uko wazi, na hakuna anayenijua, ningesimama?